Kujitolea na Kujifunza: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Programu Inayoijenga Jamii

Programu nyingi za kujitolea huzaliwa mezani. Watu wenye nia njema wanakaa, wanajiuliza "tuwasaidieje?", wanagawana majukumu, na ndani ya saa mbili wana jina la programu, rangi ya fulana na tarehe ya uzinduzi. Waliokusudiwa kusaidiwa hawamo chumbani. Matatizo mengi yatakayojitokeza baadaye, kuanzia mahudhurio hafifu hadi jengo lililokamilika na kubaki limefungwa kufuli, huwa yameshapandwa hapo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, kiongozi wa kikundi cha vijana, au mratibu wa taasisi ya dini au asasi ya kiraia anayetaka kuanza kwa njia nyingine. Nazungumzia programu zenye shabaha mbili kwa pamoja: kazi yenye manufaa ya kweli kwa watu wa mahali fulani, na elimu ya kweli kwa anayeifanya. Shabaha moja ikikosekana, jambo hilo lina jina jingine. Kufyeka nyasi pamoja kisha kila mtu akaenda kwake ni msaragambo, na ni jambo jema. Mwanafunzi kukaa ofisini miezi miwili ili apate alama ni mafunzo kwa vitendo. Tunachokitafuta kiko katikati ya hayo mawili, na kinahitaji maandalizi kuliko yote mawili.

Wazo lenyewe lina historia. Mwaka 1938 mwanafalsafa wa elimu John Dewey alieleza kwamba uzoefu peke yake hauelimishi. Uko uzoefu unaomdumaza mtu au kumfunza visivyo. Katika miaka ya 1960 Robert Sigmon na William Ramsey, wakifanya kazi na vyuo vya kusini mwa Marekani, walianza kuunganisha huduma na masomo, na mwaka 1979 Sigmon akaweka kanuni tatu ambazo hadi leo sijaona zilizo bora kuliko hizo. Kwanza, wanaohudumiwa ndio wenye usukani wa huduma wanayopewa. Pili, wanaohudumiwa watoke na uwezo mkubwa zaidi wa kujihudumia na kuwahudumia wengine kwa juhudi zao wenyewe. Tatu, anayehudumia naye ni mwanafunzi, na ana sauti katika kuamua atajifunza nini. Hatua zote zinazofuata ni namna ya kuzitekeleza kanuni hizo, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kuandika chochote

Tenga wiki sita hadi nane za kusikiliza. Najua wafadhili wana tarehe zao na shule ina mihula yake, lakini hapa pasifupishwe. Ukilazimika kupunguza muda, punguza mahali pengine.

Anza kwa wenye mamlaka, kwa sababu ndiyo adabu na pia kwa sababu bila baraka zao hutafika mbali. Usiishie kwao. Kiongozi hukueleza mahitaji yanayoonekana kutoka ofisini kwake. Mama mwenye mtoto mlemavu, kijana aliyeacha shule, mzee anayeishi peke yake na mgeni aliyehamia mwaka jana wana picha nyingine kabisa. Zungumza na watu ishirini au thelathini, mmojammoja au wawili wawili, mahali ambapo wao hukaa, saa ambazo wao wana nafasi. Mkutano wa hadhara una kazi yake, lakini wanaosema mkutanoni ni walewale wanaosema kila siku.

Maswali yako yawe ya kawaida. Siku yako huendaje? Ni jambo gani mmelijaribu hapa likafanikiwa, na nani aliliongoza? Lipi lilishindikana, na unadhani kwa nini? Waliokuja kusaidia kabla yetu waliacha nini? Kama wangepatikana watu kumi wa kujitolea kwa miezi mitatu, ungewapa kazi gani, na kazi gani usingependa waiguse? Hilo la mwisho huwafanya watu watulie na kufikiri, na majibu yake yatakuokoa na mengi.

Sambamba na mahitaji, andika orodha ya nguvu zilizopo. John Kretzmann na John McKnight wa Chuo Kikuu cha Northwestern walitoa mwaka 1993 utaratibu wa kufanya hivyo ambao umeenea duniani: unahesabu ujuzi wa watu binafsi, vikundi na vyama vyao, taasisi zilizopo, ardhi na majengo, na shughuli za uchumi. Hoja yao ni nyepesi kuelewa na ngumu kuizoea, kwamba ukiingia mahali na orodha ya mapungufu tu, utawaona watu kama mapungufu, na baada ya muda wao wenyewe wataanza kujieleza hivyo ili wapate msaada. Fundi seremala mstaafu, kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya inayokutana kila wiki, ukumbi unaokaa tupu asubuhi: hivyo ndivyo vitakavyoibeba programu yako wakati ninyi hampo.

Kisha jiulize kwa unyofu, sauti za watu hawa zina uzito gani hasa? Mwaka 1969 mtaalamu wa sera za miji Sherry Arnstein aliuchora ushiriki wa wananchi kama ngazi ya vipandio vinane. Chini kabisa watu wanachezewa tu ili waonekane wameshiriki. Katikati wanaarifiwa au wanaulizwa maoni ambayo hayabadilishi kitu. Juu wanashirikiana kwa usawa na hatimaye wanashika maamuzi. Programu nyingi zinazojiita shirikishi zimekaa kwenye vipandio vya katikati. Ukitaka kujua mko wapi, kumbuka mara ya mwisho wenyeji walipokataa pendekezo lenu na mkalifuta. Kama haijatokea kamwe, hawana mamlaka.

Huenda wiki nane zikiisha utagundua kwamba hamhitajiki. Limeshawahi kusemwa kwa ukali kuliko ninavyoweza mimi: mwaka 1968, huko Cuernavaca nchini Mexico, mwanafikra Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kujitolea vijijini kwamba ingekuwa heri wasiende, maana hawakuijua lugha wala maisha ya watu, na walichopeleka hasa ni namna yao ya kuishi. Sikubaliani naye kwa kila jambo. Lakini programu isiyo tayari kusikia "hapana" haijaanza kusikiliza.

Hatua ya 2: Chagua kazi moja inayofaa

Moja. Tamaa ya kufanya mengi ndiyo inayoua programu changa. Kazi inayofaa ina sifa hizi: imeombwa na wenyeji, inaweza kufanywa vizuri na watu wasio mabingwa baada ya mafunzo mafupi, matokeo yake yanaonekana ndani ya muda mlio nao, na ina nafasi ya mwenyeji kuifanya bega kwa bega na anayejitolea.

Kuna kazi za kukataa hata zikiombwa. Usikubali kazi inayomnyang'anya mtu ujira wake. Kama kuna mafundi wa kulipwa wa kupaka rangi, kikundi chako kikipaka rangi bure kimewafukuza kazini. Usikubali kazi inayohitaji leseni au taaluma ambayo watu wako hawana. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari asimfanyie mgonjwa kitu ambacho kwao asingeruhusiwa kukifanya.

Na hapa nataka nisisitize jambo moja kuliko mengine yote: usipeleke watu wa kujitolea kwa muda mfupi kulea watoto kwenye vituo vya yatima. Watoto wengi walioko kwenye vituo hivyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na mtiririko wa wageni wenye huruma na fedha huwapa baadhi ya wamiliki sababu ya kuwakusanya watoto badala ya kuwarudisha kwa jamaa zao. Juu ya hilo, mtoto anayezoea sura mpya kila mwezi na kuachwa kila mwezi anaumizwa kwa namna ambayo hakuna zawadi itakayoiponya. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na ndani yake nchi zilitakiwa kuwakinga watoto na madhara yanayohusiana na kujitolea katika vituo vya yatima. Mkiwapenda watoto hao, saidieni familia zinazoweza kuwapokea.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja ili mambo yaonekane: shule imesema watoto wengi wanafika darasa la tatu bila kusoma kwa ufasaha, walimu wana madarasa makubwa, na wazazi wangependa kusaidia ila hawajui waanzie wapi. Ombi lao ni watu wa kukaa na watoto wachache wachache baada ya vipindi, mara mbili kwa juma, kwa muhula mzima.

Zingatia neno "muhula mzima". Muda mfupi mno hauwafai wenyeji, na anayejitolea naye hajifunzi kitu. Mexico huwataka wanafunzi wa vyuo vikuu watoe huduma ya jamii isiyopungua saa 480, katika kipindi kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili. Ninyi si serikali, na hamhitaji saa nyingi kiasi hicho, ila funzo lake ni jema: saa chache kila juma kwa miezi kadhaa hufaa kuliko juma moja la kelele nyingi.

Hatua ya 3: Wekeni makubaliano kwa maandishi

Kurasa mbili zinatosha, katika lugha ambayo pande zote zinaisoma bila mkalimani. Ziandikwe na pande zote mbili zikiwa zimekaa pamoja. Ukipeleka hati iliyokamilika ili isainiwe tu, umeshaamua nani ni mkubwa.

Humo kuwe na: kazi yenyewe kwa sentensi chache, siku, saa na mahali, nani anasimamia kwa kila upande, nani analipia nini, watoto na wengine walio hatarini watalindwaje, malalamiko yapelekwe kwa nani, picha na habari za watu zitatumiwaje, na lini na kwa njia gani programu itaisha. Ongeza kifungu kinachowapa wenyeji haki ya kumkataa mtu yeyote wa kujitolea, au kusimamisha kazi yote, bila kulazimika kujieleza kwa kirefu.

Msisahau gharama za mwenyeji. Kupokea wageni ni kazi: mwalimu anabaki saa mbili zaidi, maji na umeme vinatumika, mlinzi anachelewa kufunga geti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziko programu ambazo mwenyeji hubaki amechoka na deni juu. Mambo haya yahesabiwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na fedha zake ziwepo kabla ya siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Andika malengo ya kujifunza

Matatu au manne, yanayotokana na kazi yenyewe. "Kupanua mawazo" si lengo, maana huwezi kujua kama limetimia. Katika mfano wetu malengo yangeweza kuwa: kueleza hatua ambazo mtoto hupitia anapojifunza kusoma, kutambua angalau sababu tatu zilizo nje ya darasa zinazomkwamisha mtoto, kufanya kazi chini ya uongozi wa mtu mwenye elimu ndogo kuliko yako na kuona anachokijua ambacho wewe hukijui.

Kama wanaojitolea ni wanafunzi, kaa na mwalimu wa somo mtafute linapokutana na mtaala. Mwanafunzi wa takwimu atapanga matokeo ya majaribio ya kusoma. Mwanafunzi wa lugha ataandika hadithi fupi za kusomwa na watoto, akitumia habari alizosimuliwa na wazee. Wanaojitolea wenyewe wapewe nafasi ya kuongeza lengo moja la kila mtu binafsi. Alama, kama zipo, zitolewe kwa kile walichojifunza na kukionyesha, si kwa idadi ya saa walizokaa mahali.

Hatua ya 5: Tafuta watu, uwachuje

Waanze watu wa palepale. Wazazi, vijana waliomaliza shule, walimu wastaafu: hawa hawahitaji kufundishwa mahali palivyo, na hawaondoki muhula ukiisha. Wa kutoka nje waje kuongezea. Programu yenye nusu ya watu wake kutoka jamii hiyohiyo ina nafasi nzuri ya kuendelea kuishi.

Tangazo lieleze kazi kama ilivyo, pamoja na yale yanayochosha. Kwenye usaili muulize mtu ameshawahi kufanya jambo gani kwa muda mrefu bila kusifiwa, na angefanya nini mwenyeji akimkosoa mbele ya wenzake. Piga simu kwa wadhamini wake wawili. Usiridhike na barua. Anayetaka kufanya kazi na watoto achunguzwe kumbukumbu zake za uhalifu kwa utaratibu wa nchi husika, na hata akitoka safi, kanuni ibaki kwamba hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Kanuni hiyo imhusu kila mtu, na wewe mratibu ukiwemo. Ukiiwekea upendeleo kwa anayeheshimika, umeivunja.

Lipa nauli na chakula. Wengine huona kwamba anayejitolea akirudishiwa gharama, moyo wake umepungua. Mimi naona kinyume: usipolipa nauli, umewachagua wenye uwezo tu, na vijana wa familia duni, ambao mara nyingi wanayaelewa matatizo hayo kwa ndani, umewafungia nje.

Hatua ya 6: Waandae

Siku mbili kamili, au jioni nne. Sehemu ya kwanza ni ujuzi wa kazi, na ifundishwe na mwenyeji mwenye ujuzi huo. Hapa ni mwalimu wa darasa la tatu. Sehemu ya pili ni mahali penyewe: historia yake, nani hufanya nini, maamkizi na mavazi, mambo yanayoleta ugomvi. Ifundishwe na watu wa hapo, na walipwe kwa muda wao.

Historia hiyo isipuuzwe. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole alikusanya kikundi cha watu wa mataifa kadhaa kwenda kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun nchini Ufaransa, kilichobomolewa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kambi ile ndiyo chimbuko la harakati kubwa za kambi za kazi za kujitolea duniani. Miongoni mwa waliokwenda kulikuwa na Wajerumani, na uchungu wa vita ulikuwa bado haujapoa. Kazi ilisimama baada ya miezi michache. Wazo lilikuwa jema na mikono ilikuwa tayari, lakini jeraha la mahali lina nguvu kuliko ratiba ya wageni.

Sehemu ya tatu ni mipaka. Hakuna kutoa fedha wala zawadi kwa mtu mmojammoja. Hakuna uhusiano wa kimapenzi na wanaohudumiwa. Hakuna picha ya mtoto bila idhini ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na hata idhini ikiwepo, picha isimwonyeshe katika hali ambayo wewe usingependa mwanao aonekane. Kila mtu ajue kwa jina nani wa kumpelekea taarifa akiona au akishuku unyanyasaji, siku hiyohiyo. Bima, huduma ya kwanza na namba za dharura zimalizwe hapa pia.

Hatua ya 7: Kazi yenyewe

Ukiwa umefanya ya nyuma vizuri, hapa hakuna mengi ya kusema. Siku ya kwanza iwe ya kutazama na kutambulishwa. Kila watu watano au sita wawe na msimamizi mmoja anayewaona wakifanya kazi, asiyewasikia kwa ripoti tu. Daftari la mahudhurio lijazwe kila siku, maana mtoto aliyeambiwa "nitarudi Alhamisi" anaihesabu Alhamisi. Asiyeweza kufika atoe taarifa mapema na nafasi yake ijazwe.

Jiandae kwa wiki ya tatu au ya nne, ari inaposhuka, mambo mapya yakiwa yamezoeleka na matokeo hayajaonekana. Ndipo msimamizi anapotakiwa kuwa karibu zaidi: kumtembelea kila mtu, kubadilisha jozi zisizoelewana, kuonyesha maendeleo madogo ambayo aliye ndani ya kazi hayaoni. Mratibu azungumze na mwenyeji kila juma kwa dakika kumi na tano, uso kwa uso au kwa simu, hata kama hakuna tatizo. Mazungumzo ya siku zisizo na tatizo ndiyo yanayomfanya mwenyeji aseme ukweli siku tatizo linapokuja.

Hatua ya 8: Tafuteni maana ya mliyoyaona

Hapa ndipo elimu inapopatikana, na ndipo programu nyingi huruka kwa kisingizio cha muda. Mwaka 2011 Christine Celio, Joseph Durlak na Allison Dymnicki walichapisha uchambuzi wa tafiti 62 zilizohusu wanafunzi 11,837. Waliofanya huduma iliyounganishwa na masomo walionyesha maendeleo katika namna wanavyojiona, mtazamo wao kuhusu shule, ushiriki wao katika mambo ya jamii, stadi za kuishi na wenzao, na matokeo ya masomo. La kuzingatia zaidi kwetu ni kwamba programu zilizofuata mambo manne, yaani kuunganisha huduma na mtaala, kuwapa vijana sauti, kuishirikisha jamii, na kufanya tafakuri, zilikuwa na matokeo makubwa zaidi.

Sababu yake ilielezwa na mtaalamu wa elimu David Kolb mwaka 1984 katika mzunguko wa hatua nne: mtu anapitia jambo, analitazama tena kwa utulivu, anatoa wazo la jumla, kisha analijaribu wazo hilo katika jambo jipya. Programu isiyo na tafakuri huishia hatua ya kwanza. Anayejitolea anaona mtoto anasinzia, anahitimisha kwamba ni mvivu au wazazi hawajali, na hitimisho hilo analibeba maisha yake yote akiamini amelipata kwa kuona kwa macho. Kwa njia hiyo huduma inaweza kumwongezea mtu dharau.

Tengeni dakika arobaini na tano kila juma, ndani ya saa za programu. Watu wasizidi kumi na wawili, wakae kwa duara, simu ziwekwe kando. Tumieni maswali matatu aliyoyapanga mwalimu Terry Borton mwaka 1970, ambayo kwa Kiswahili nayaweka hivi: Kimetokea nini? Kina maana gani? Sasa tufanye nini?

Katika swali la kwanza kataa hukumu. Anayesema "wazazi hawajali" aombwe aseme alichokiona: mtoto alisinzia, alisema hakula, dada yake alimfuata saa kumi na moja. Swali la pili ndilo refu. Kwa nini dada na si mama? Mama yuko wapi saa hizo? Mfumo upi unamfanya awe huko? Sisi wenyewe tulipokuwa darasa la tatu, nani alikuwa nyumbani? Usikimbilie kujibu, mwongozaji mzuri hunyamaza hata sekunde kumi akisubiri. Swali la tatu liishie kwenye kitendo kimoja cha juma lijalo, chenye jina la mwenye kukifanya.

Angalau mara moja kila mwezi, wenyeji wakae katika duara hilohilo, wakiwa washiriki kamili. Mwalimu akisikiliza tafsiri za wageni kuhusu watoto wake, atazisahihisha, na masahihisho hayo ni somo ambalo mhadhiri hawezi kulitoa. Na yeye hupata kitu: kusikia kazi yake ikitazamwa kwa makini na mtu wa nje.

Wasiopenda kusema mbele za watu wapewe daftari. Nusu ukurasa baada ya kila kipindi, maswali yaleyale matatu. Msimamizi asome na aandike jibu, hata la mstari mmoja. Daftari lisilosomwa na mtu huachwa baada ya wiki mbili.

Hatua ya 9: Pima mambo machache

Ripoti nyingi hujaa saa zilizotolewa, watu waliofikiwa na picha. Hizo ni hesabu za jasho letu. Pimeni kilichobadilika kwao. Kwa mfano wetu: maneno ambayo mtoto anayasoma sawasawa kwa dakika moja, yapimwe mwanzoni, katikati na mwishoni kwa kifungu chenye ugumu uleule. Mpimaji awe mwalimu, asiwe yule aliyemfundisha mtoto. Bila kipimo cha mwanzo, cha mwisho hakina maana, kwa hiyo kipangwe kabla ya kazi kuanza.

Pimeni na kanuni ya pili ya Sigmon: wazazi wangapi sasa wanasoma na watoto nyumbani? Wenyeji wangapi wanaweza kuendesha kipindi bila mgeni? Kwa anayejitolea, rudi kwenye malengo ya hatua ya nne, umpe maswali yaleyale uliyompa mwanzoni, ulinganishe majibu. Kisha waulize wenyeji, kupitia mtu asiye wa programu, maana uso kwa uso wengi watasema mambo ni mazuri kwa heshima tu: tuliwapotezea muda kiasi gani, na mngependa tusingefanya nini?

Matokeo mabaya yaandikwe kwenye ripoti kwa herufi za ukubwa uleule.

Hatua ya 10: Kabidhi na uondoke

Kuondoka kunapangwa siku ya kwanza. Tangu mwezi wa kwanza kila kazi iwe na mwenyeji anayejifunza kuifanya: kutunza vitabu, kupanga jozi, kujaza daftari, kuongoza tafakuri. Katikati ya muhula mbadilishane, yeye aongoze na mgeni awe msaidizi. Wiki mbili za mwisho mgeni anyamaze, asaidie akiulizwa. Kasoro zitakazojitokeza wakati huo ni za thamani, kwa sababu bado mpo wa kuzirekebisha pamoja.

Watoto waambiwe mapema nani anaondoka na lini, waagwe ipasavyo, wala asiwepo mtu wa kuahidi kurudi kama hana hakika. Vifaa vikabidhiwe kwa orodha iliyosainiwa. Shukrani ziende pande zote mbili: aliyejitolea apate cheti kinachotaja alichokifanya na alichojifunza, na mwenyeji aliyemfundisha apate cheti cha kufundisha. Mkitaka siku ya kuwaenzi hadharani, mwaka 1985 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 5 Desemba ya kila mwaka kuwa siku ya kimataifa ya watu wa kujitolea. Itumieni kuwasilisha ripoti.

Ripoti hiyo isomwe kwanza kwa wenyeji, kwa lugha yao, kabla ya kwenda kwa mfadhili au chuo, na wawe na haki ya kusahihisha. Baada ya miezi sita mtu mmoja arudi kutazama kipi kinaendelea bila ninyi. Kuhusu kama kuwe na awamu ya pili, toka chumbani. Waache wajadili peke yao, bila mgeni wa kumwonea haya, na ombi la kurudi, kama lipo, liandikwe na wao, likiwa na kazi waliyoichagua wenyewe.